Bosi kaniandikia sentensi moja ina "fault" mbili, wajuzi wa Kiingereza njooni mnisaidie

FundiZamuYaUsiku
Wakuu habari za usiku. Mi ni fundi umeme kwenye hoteli moja huku Arusha, Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nasoma maandishi ya kwenye mashine naelewa ila kikianza kuwa cha maneno ya watu napotea. Sasa juzi mvua kubwa ilinyesha umeme ukakatika, jenereta ikawaka vizuri tu, baada ya kama dakika mbili ikajizima yenyewe, kuangalia skrini imeandika EARTH FAULT. Wageni gizani, maji ya moto hakuna, bosi wetu ni mama wa Kiingereza akanitumia meseji anauliza kuna nini. Mi nikajua hapa natafutwa mimi, nikamjibu haraka haraka "It is not my fault madam, it is the fault of the earth." Akanijibu hivi, nakopi kama ilivyo: "I don't want to know whose fault it is, I want to know where the fault is."

Nimeisoma mara kumi. Ya kwanza nikaelewa kosa ni la nani, ya pili sasa kosa liko wapi? Kosa linakaa mahali? Nimeingia kwenye programu ya kutafsiri imenipa "sitaki kujua kosa ni la nani, nataka kujua kosa lilipo", bado sijaelewa kama kanigombeza au kanituma kazi. Ndo swali langu, hii fault kwa Kiswahili ni nini hasa, kosa, lawama, hitilafu? Na nimjibuje, maana kesho naingia zamu na jenereta bado ile breka kuu tukiipandisha inashuka.

MzeeWaKijiweni
"The fault of the earth" 😂😂😂 yaani umeisingizia dunia nzima. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, wewe jenereta ikizima unasingizia ardhi. Ngoja wataalamu waje, nimekaa paleee.

TichaMstaafu
Fundi, tulia, hujagombezwa. Umetumwa kazi, na mama wa watu kaandika vizuri sana kama unaijua lugha, kacheza na neno moja lenye maana mbili. Kwa Kiswahili angesema "sitafuti mwenye kosa, natafuta hitilafu." Umeona? Sisi tumetumia maneno mawili, yeye kapita na moja.

Njia rahisi ya kutenganisha, angalia neno limefungwa na nani. Likiwa na mwenyewe, "my fault", "whose fault", "Juma's fault", hapo ni kosa kwa maana ya kubeba lawama, jambo limeharibika kwa sababu yako. Likiwa na mahali au kitu, "a fault in the line", "a fault with the pump", hapo ni hitilafu, kitu kimeharibika na hakuna aliyetajwa. Ndo maana skrini yako haikusema ardhi imekosea, imesema kuna umeme unavujia ardhini. Ila mtego upo kwenye wingi, mtu akisema "he has his faults" hamaanishi makosa aliyofanya jana, anamaanisha kasoro za tabia, ana udhaifu wake kama binadamu wote. Na likiwa kitenzi, "I can't fault her" ni siwezi kumtoa kasoro. Kuna na "generous to a fault", mkarimu mpaka ukarimu wenyewe umegeuka kasoro, yule anayekopesha nauli yake halafu anarudi nyumbani kwa miguu.

Halafu kuna kitu nilifundisha miaka mingi kikawa kinanifurahisha kila mwaka. Kiswahili chetu kinasema "kukosa" kwa mambo mawili ambayo mtoto wa shule haoni uhusiano wake, nimekosa basi, nimekosa pesa, nimekosa usingizi, na papo hapo nimekukosea, nimefanya kosa. Kupungukiwa na kutenda vibaya ni kitenzi kimoja. Sasa fault imetoka Kifaransa cha zamani, "faute", ambayo asili yake ni hivyo hivyo, upungufu, kukosekana kwa kitu, na nyuma yake kabisa kuna Kilatini "fallere", kuangusha au kudanganya, ndiko na "fail" ilikotoka. Kwa hiyo Mswahili na Mlatini hawajawahi kukaa meza moja ila wamefikia palepale, kwamba kosa ni kitu kilichopungua. Hata ile herufi L hapo katikati haikuwepo, wasomi waliichomeka baadaye ili neno lifanane na Kilatini, na watu waliendelea kulisema bila L kwa muda mrefu, Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 anaandika kwamba kwenye mazungumzo kwa kawaida L inamezwa. Kwa hiyo ukisema "fot" usichekwe sana.

Tofauti kubwa niionayo ni kwamba sisi tunapenda kitenzi, wao wanapenda jina. Mkatoliki yeyote hapa anajua, kwenye sala ya kuungama tunajipiga kifua "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana", mtu mwenyewe yupo ndani ya kitenzi. Kiingereza pale pale, tangu ile misale mpya ya 2011, wanasema "through my fault, through my fault, through my most grievous fault", kosa limekuwa kitu unachokibeba mkononi. Na kitu cha kubeba mkononi ni rahisi kumpa mwenzio akishike.

MatatuDamu
Ticha umeweza 👏 Huku Kenya sisi hatusemi hata kosa moja, tunasema makosa, kwa wingi, hata kama ni moja. Gari zikigongana Thika Road hata kabla hamjaangalia kama kuna mtu ameumia dere anashuka anakuambia "boss ni wewe uko na makosa", na wewe unamjibu "mimi sina makosa, wewe ndio umeniingilia." Hapo karao, yaani polisi, hajafika, abiria wamegawanyika nusu wako na wewe nusu wako na yeye, na makanga wa gari ya nyuma ambaye hakuona chochote ndio shahidi mkuu. Wengine wanachanganya na faulo pia, lakini faulo imetoka kwa "foul" ya mpira, si fault, hizo ni neno mbili tofauti kabisa hata kama zinasikika karibu. Refa hapigi filimbi ya fault.

RaketiMkononi
Refa wa mpira hapigi, wa tenisi anasema. Serve ya kwanza, yaani mpira wa kuanzishia, ikitoka nje au ikigonga wavu ikabaki kwako ni fault, unapewa nafasi ya pili, ukiiharibu na hiyo ni double fault na pointi inaenda kwa mwenzio bila yeye hata kuinua raketi. Hapo nadhani maana yake iko katikati, si lawama kabisa na si hitilafu kabisa, ni serve yenye kasoro. Na Wimbledon mwaka 2025 waliwaondoa waamuzi wa kwenye mistari, sasa ni sauti ya mashine ndo inaita "fault". Kwa fundi mashine ndo yenye fault, kule mashine inamwambia mtu ana fault. Dunia hii.

MamaForodhani
Asalaam aleikum wanangu. Mie sijui hicho Kiingereza kwa undani lakini huyo mwalimu kagusa penyewe, nami niongezee upande wetu. Kasoro nayo ni kupungua vilevile. Si tunasema saa tatu kasorobo, maana yake ni saa tatu imepungua robo, basi na mtu mwenye kasoro ni mtu aliyepungua robo yake. Ni neno la Kiarabu, kufika pungufu. Na hitilafu hiyo nayo ni ya Kiarabu, asili yake tofauti, kutopatana, ndo maana wazee wetu walisema "wana hitilafu" wakimaanisha mke na mume hawaelewani, siku hizi kila ukisikia hitilafu ujue umeme umekatika.

Kisha kuna ila. Hii vijana mnaisahau. "Kizuri hakikosi ila", ila hapo ni dosari, aibu ndogo kwenye kitu kizuri. Na ile ila ya kusema "isipokuwa" ni neno jengine la Kiarabu, yamekutana tu kwenye Kiswahili kama wapangaji wawili nyumba moja. Lakini masikioni yamefanana vizuri, maana akija mtu kumsifia muoaji, kijana mzuri, ana kazi, anaswali, ila... hapo wote kikao mnanyamaza mnangoja ila iliyobaki. Mtu wa kutafuta kasoro za wenzake tunasema anatoa ila, harusi ya watu kala pilau kamaliza sahani tatu halafu anasema mchele ulikuwa wa bei rahisi. Nadhani ndo hiyo ya Waingereza "find fault".

TichaMstaafu
Shikamoo mama. Ndiyo, "find fault" ni hiyo hiyo, na iangalieni vizuri kwa sababu ndo inamponza fundi wetu. "Find the fault" ni kazi ya fundi, tafuta hitilafu. "Find fault with" mtu ni kazi ya mawifi. Kineno "the" kimebeba heshima yote hapo.

MamaForodhani
Marahaba mwanangu. Mawifi uwaache 😄

MtotoWaLushi
Bonjour ya wote. Miye niko Lubumbashi, nafanya na ma groupe, njo vile tunaitaka jenereta huku. Nasoma hii mambo nacheka juu kwetu hii shida haiko. Kifaransa iligawa zamani, faute ni ya muntu, défaut ni ya mashini. Groupe ikizima juu ya courant, ni kusema umeme, inavuja, écran inaandika défaut de terre, hakuna mtu anaweza fikiri wanamulaumu. Na "c'est ma faute" njo kosa yangu. Waingereza walichukula yote mbili kwetu, faute wakafanya fault, défaut wakafanya default, halafu wakachanganya. Na ile faute ya upungufu mwalimu anasema ingali inaishi kabisa, "faute de courant" ni juu ya kukosa courant, na Lushi tunasema hiyo mara mingi kuliko bonjour 😅

Nyumbani_Mbali
Default hiyo imenikumbusha mikopo, mtu akishindwa kulipa wanasema kadifolti, na kwenye simu difolti ni ile setingi uliyoikuta, yaani kilichobaki kwa sababu wewe hukuchagua kitu, upungufu tena. Ila nilichotaka kusema ni kingine. Nipo Uingereza mwaka wa kumi na mbili sasa na hili neno limenila hela. Gari yangu nimeipaki barabarani nje ya nyumba, usiku nimelala, mtu kaja kagonga ubavu mzima kakimbia, hajaacha hata karatasi. Asubuhi napiga bima, wananiuliza maswali, mwisho wananiambia hii tunaiandika kama "fault claim". Nikawaambia dada sikiliza, mimi nilikuwa nimelala, gari ilikuwa imezimwa, fault yangu iko wapi, nililala vibaya? Akanieleza kwa upole kabisa kwamba kwenye bima fault haimaanishi nani kakosea, inamaanisha kama kuna mtu wa kumdai hela. Aliyenigonga hayupo, hawana wa kumdai, basi wanalipa wao, na wakilipa wao bila kurudishiwa inaandikwa fault kwangu. Punguzo langu la miaka ya kutodai likaliwa na mwaka uliofuata bei ikapanda.

Kwa hiyo ticha ongeza hiyo, kuna fault ya moyoni na kuna fault ya mhasibu. Na mahakamani hapa wameanza kulitoa kabisa, England na Wales tangu tarehe 6 Aprili 2022 unaweza kuomba talaka bila kumtaja mwenye kosa, wanaita "no-fault divorce". Zamani kama hamkutaka kungoja miaka ya kutengana ilibidi uandike mwenzio amezini au ana tabia isiyovumilika au kakutelekeza, watu waliokuwa wanaachana kwa amani walilazimika kukaa mezani wapange nani amchafue nani.

MatatuDamu
Aki hiyo ya bima inauma. Ukiwa umelala!

KijanaWaKodi
Nachomekea tu mimi ni mwandika programu. Sisi tuna amri kwenye Git, programu ya kutunza historia ya kodi, inaitwa "blame", unaipiga kwenye faili inakuonyesha kila mstari nani kauandika na lini. Wengi tunajua hii raha, unakuta kodi mbovu, unatukana, unapiga blame ujue ni mjinga gani, jina linalotokea ni lako la miezi minane iliyopita. Subversion, programu nyingine ya aina hiyo, waliona aibu wakaweka jina la pili la amri hiyo hiyo, "praise", sifu. Swali kwa ticha, blame na fault si kitu kimoja?

TichaMstaafu
Si kimoja. Fault inakaa kwa aliyekosa hata kama hakuna aliyemuona. Blame ni kidole, inahitaji mtu wa kukinyoosha. Kosa na lawama, ndo tofauti hiyo hiyo. Unaweza kuwa na kosa usilaumiwe, na unaweza kulaumiwa huna kosa, ambapo Kiswahili kinatupa neno ambalo Kiingereza kinahangaika nalo, kusingizia, kumpa mtu lawama huku unajua si yake. Wao mara nyingi inabidi waongeze maneno. Na "guilty" iache mahakamani, hiyo ni kuwa na hatia, ingawa Waingereza wanaitumia pia kwa ile hali ya kusutwa na moyo. Kuna na "I don't blame you", hiyo tafsiri yake ni "sikulaumu" na inatumika vilevile kama sisi, ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo.

Hilo neno blame nalo lina mambo yake, limetoka mzizi mmoja na "blaspheme", kukufuru. Kilatini cha kanisani "blasphemare" kikapita Kifaransa kikalainika kikawa blame. Kumbe kulaumu kulianza kama kumtusi Mungu, baadaye ndo tukahamia kwa majirani.

MwongozaWatalii_MtoWaMbu
Mmesahau fault kubwa kuliko zote na fundi anaishi nayo karibu. Ukitoka Mto wa Mbu unapanda kwenda Karatu, ule ukuta mrefu unaozunguka na barabara, nyani wamekaa pembeni, Ziwa Manyara liko chini, ule ukuta ni fault. Kwenye jiolojia fault ni mahali mwamba umekatika na upande mmoja umeteleza, ukikatika tu bila kuteleza ni ufa wa kawaida. Hapo upande wa chini ulishuka, wa juu ukabaki, ndo Bonde la Ufa. Wageni wakiniuliza nawaambia "this is a fault" na mzee mmoja wa Kimarekani aliwahi kunijibu "whose?" gari zima likacheka na mimi nikacheka ingawa niliielewa nimeshafika Ngorongoro getini.

Niliwahi kusoma kwamba maana hii imeanzia kwa wachimba makaa ya mawe huko Uingereza, wanafuata mkanda wa makaa chini ya ardhi, ghafla umekatika, mbele yao ni jiwe tupu, mkanda wameukosa. Na mbwa wa kuwinda wakipoteza harufu ya mnyama wanasema mbwa "are at fault", wamebaki wanazunguka. Kukosa tena ticha, hakuna aliyefanya dhambi hapo.

TichaMstaafu
Kijana, wewe ungekuwa darasani kwangu ningestaafu mapema. "Nimeukosa mkanda", "mbwa wamemkosa mnyama". Ndiyo hiyo hiyo.

MzeeWaKijiweni
Mnaongea Kilatini na mbwa, fundi yuko gizani. Fundi umefika wapi? Umemjibu mama?

FundiZamuYaUsiku
Wakuu nimerudi, asanteni sana, ticha shikamoo, mama shikamoo. Nilivyosoma jibu la kwanza la ticha nikampigia msaidizi wangu tukaingia usiku ule ule. Tumezima breka zote kwenye bodi, tumewasha jenereta, tunapandisha moja moja tunasubiri. Jikoni iko poa, vyumba vya juu poa, hita poa, pampu poa, tumefika taa za bustani, pap, imejizima. Nikachukua tochi nikaifuata ile laini mpaka kwenye boksi la viungio liko nyuma ya maua karibu na bwawa. Mfuniko umelalia upande, ndani maji yamejaa kama kikombe, na jongoo amejikunja juu ya konekta. Nimemwaga maji, nimekausha, nimekata ncha za waya zilizooza nikafunga upya, jenereta imewaka mpaka asubuhi bila kuzima.

Sasa tatizo ni kwamba mfuniko haukuwa na skrubu hata moja. Msaidizi ananiuliza nani kaacha hivi, nikawa nataka kusema watu wa bustani, halafu nikakumbuka wiki iliyopita nilifungua lile boksi kubadilisha balbu, mvua ikaanza, nikasema nitarudi. Nimefungua begi langu la vifaa, kwenye mfuko wa pembeni skrubu nne ziko kwenye kikaratasi.

Nikamwandikia bosi: "Madam I found the fault. It was in the garden box. It was also my fault." Kakaa kama dakika tano anaandika anafuta anaandika anafuta, akaja na "Thank you. Both faults noted." na kialama cha kucheka.

Ticha hiyo "noted" ni nzuri au ni barua ya onyo?

TichaMstaafu
Rudishia skrubu kwanza, tutaongea.